Hesi zilizoliwa kwenye Land Rover 109

Kwenye Land Rover za Series, zile za zamani za Series I hadi III, kuna kibao cha chuma kisichozidi kiganja cha mkono ambacho kimewaumbua mafundi wengi. Nyuma ya gari, springi ya majani haifungwi moja kwa moja kwenye chesisi. Inaning'inizwa kwa sheko, yaani vibao viwili, kimoja ndani na kimoja nje, vinavyoshikwa na boliti mbili. Boliti ya juu inapita kwenye bushi ya chesisi, ya chini kwenye jicho la springi. Ukivitazama haraka, tena vikiwa na tope la miaka, utadhani vibao hivyo ni mapacha. Kumbe kimoja kina matundu laini na mwenzake matundu yake yamekatwa hesi, yaani ile mifereji ya mzunguko inayoshika boliti. Boliti inavuka kibao laini, inavuka bushi, inajisokota ndani ya kibao chenye hesi, na nje kabisa ndipo inapokaa nati ya kufungia.

Fundi asiyelijua hilo anatoa nati, anavuta boliti, haitoki. Anajua imeshikwa na kutu. Anachukua nyundo ya kilo mbili na kuitwanga kwa nyuma. Boliti inatoka kweli, maana hakuna hesi inayoshinda nyundo ya namna hiyo, lakini imetoka na hesi za kibao zote. Halafu jioni anakuambia kibao "kilikuwa kimeshachoka".

Land Rover yangu ni Series III, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Nilipoinunua hapa Arusha, sheko ya nyuma kulia ilikuwa imeshapitia nyundo hiyo, na baada ya nyundo ikapitia jambo baya zaidi: mtu aliingiza boliti ya milimita kwenye tundu la inchi. Nimeshaona jambo hilohilo kwenye magari mengine ya rika lake, hapa mjini na Moshi, kiasi kwamba siku hizi nikiitwa kutazama Land Rover ya mtu inayogonga nyuma, naanza na sheko kabla ya shokapu. Na maoni yangu ni haya: hesi nyingi za gari hizi haziuawi na kutu wala uzee. Zinauawa na boliti ya ukoo mwingine iliyokubali kuingia mizunguko michache ya mwanzo.

Tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu uchawi wote umo humo. Boliti ya sheko ya Series II na III ni ya inchi 9/16, hesi za UNF, yaani hesi nyembamba za mfumo wa inchi, kumi na nane kwa kila inchi. Ukiigeuza kuwa milimita, unene wake ni 14.29 na kila hesi iko milimita 1.41 kutoka kwa jirani yake. Sasa nenda duka lolote la boliti. Karibu magari yote ya barabarani kwetu yametoka Japani, kwa hiyo makopo yote pale ni ya milimita: M8, M10, M12, M14. Muuzaji akipima boliti yako ya zamani kwa jicho atakupa M14 yenye hatua ya 1.5. Unene milimita 14 kamili, hesi moja hadi nyingine 1.5. Kwenye unene zinapishana kwa robo ya milimita na ushee, na kwenye hatua kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Vidole havioni tofauti hiyo. Boliti inaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, inapendeza kabisa.

Lakini ile tofauti ndogo inajumlishwa kila mzunguko. Ikifika hesi ya sita, boliti na tundu vimeachana kwa nusu milimita na zaidi kidogo, na hesi ya boliti inaanza kupanda juu ya mgongo wa hesi ya tundu. Hapo boliti inakaza. Fundi anafurahi kwa sababu anadhani amefika mwisho, au anaona haijafika na anachomeka bomba kwenye mkono wa spana. Kuanzia hapo boliti inakata njia yake mpya. Ukiifungua baadaye inatoka na nyuzi za chuma zilizojiviringa.

Ipo hatari nyingine isiyopiga kelele hata kidogo. Boliti ya M12 yenye hatua ya 1.25 na nati ya nusu inchi UNF karibu zinalingana hatua, 1.25 kwa 1.27. Zenyewe hazigombani. Boliti inaingia hadi mwisho ikiwa na mchezo kidogo, kwa sababu ni nyembamba kuliko tundu kwa milimita 0.7, na hesi zinagusana kwenye ncha tu. Unakaza, inakubali, inashika kwa muda. Kisha siku moja mbele ya mlima inafyatuka. Afadhali ile inayogoma, kwa sababu angalau inakuambia.

Ukitaka kujua kwa nini gari la Kiingereza lina hesi zinazofanana hivi na za milimita bila kuwa zenyewe, kisa kinarudi kwa Joseph Whitworth, aliyependekeza mwaka 1841 hesi moja kwa Uingereza nzima, yenye pembe ya nyuzi 55. Wamarekani wao wakashika pembe ya nyuzi 60. Vita Kuu ya Pili ilipowakuta wakitengeneza silaha na mitambo ya aina moja pande mbili za bahari, boliti za huku zikawa hazifungi nati za kule. Mwaka 1948 Uingereza, Kanada na Marekani wakakubaliana hesi ya pamoja, ya inchi lakini yenye pembe ya 60, na UNF ni tawi lake. Land Rover za kwanza, za mwaka huohuo wa 1948, bado zilikuwa na hesi za BSF, za ukoo wa Whitworth, za nyuzi 55. Series II ilipokuja mwaka 1958 sehemu kubwa ya gari ilikuwa imehamia UNF, japo si yote. Hesi za milimita nazo ni nyuzi 60. Ndiyo maana UNF na milimita zinakumbatiana kwa uongo. Mwenye Series I, kazi yako ni nyingine kabisa. Usifuate vipimo vyangu.

Kupima si kazi ngumu. Kama huna geji ya hesi, chukua boliti unayoijua kwa hakika, iegeshe hesi kwa hesi na ile usiyoijua, kisha ziinue juu kuelekea kwenye mwanga. Zikilala sawa bila mwanga kupenya, ni ndugu. Au weka rula na uhesabu hesi ndani ya inchi moja: UNF ya 9/16 inakupa kumi na nane, M14 ya 1.5 inakupa karibu kumi na saba. Ni hesi moja tu, lakini inatosha. Halafu tazama kichwa. Kikiandikwa 8.8 au 10.9, hiyo ni ya milimita, mazungumzo yameisha. Kikiwa na mistari mitatu inayotoka katikati, ni ya inchi ya daraja la tano. Mistari sita ni daraja la nane.

Na boliti za UNF zinapatikana. Watu wanahangaika kwenye maduka ya spea za magari madogo na kurudi mikono mitupu, wakati duka la spea za trekta liko mtaa wa pili. Trekta za Massey Ferguson za zamani, zile 135 na 165 zilizolima nusu ya nchi hii, zimejaa UNF. Nimepata boliti, nati na hata tapu ya 9/16, kile chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu, kwa njia hiyo.

Turudi kwenye sheko iliyoharibika. Kabla ya kuamua dawa, ni lazima ujue boliti hii inafanya kazi gani, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi ninaowaheshimu. Wao huiona boliti ya sheko kuwa ekseli ndogo: springi inazunguka juu yake, basi mradi haidondoki, iko sawa. Haiko hivyo. Bushi ya Land Rover ina bomba la chuma nje, mpira katikati na bomba jembamba la chuma ndani. Boliti ikikazwa, vibao viwili vinalibana lile bomba la ndani kwa nguvu hadi lisizunguke kabisa. Springi ikipanda na kushuka, kinachojinyonga ni mpira. Kwa hiyo kazi ya hesi pale ni kubana. Hesi zikiliwa, kubana kunaisha, bomba linaanza kuzunguka juu ya boliti, maji na mchanga vinaingia, boliti inalika katikati kama mfupa uliotafunwa, na gari linaanza kugonga kila ukiacha lami. Bushi inalaumiwa. Inabadilishwa. Inagonga tena baada ya miezi michache kwa sababu kilichokufa hakikuwa bushi.

Kutokana na hilo kuna sharti ambalo karibu kila mtu analiruka: boliti za sheko zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito wote juu ya springi. Ukikaza chesisi ikiwa juu ya stendi na springi zinaning'inia, umeufunga mpira ukiwa tayari umenyongwa. Ukishusha gari, mpira unaanza maisha ukiwa umechanika nusu.

Sasa dawa. Kwenye kibao chenye hesi kuna hali tatu, wala hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni hesi za mlangoni tu kuharibika, kwa sababu mtu alianza boliti ikiwa imeinama. Hii ni nyepesi sana, na inasikitisha kuona kibao kimetupwa kwa ajili yake. Tundu ni la kutoboka upande wa pili, basi ingia kwa mlango wa nyuma. Hesi za upande ule ni nzima, zitaiongoza tapu hadi zile zilizopinda na kuzinyoosha. Kama tapu hakuna, chukua boliti sahihi, mpya, ichonge ncha iwe na mteremko kidogo, kisha ikate mifereji mitatu kwa urefu kwa msumeno wa chuma au grainda nyembamba. Ipake mafuta, izungushe nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Inasafisha bila kula chuma kipya, na kwa kazi ya kunyoosha naipenda kuliko tapu, kwa sababu tapu ikishikwa vibaya inakata njia yake yenyewe bila kukuomba ruhusa.

Ya pili ni hesi kuliwa zote, na nati ya nje bado inashika boliti vizuri. Wengi huendelea hivyohivyo, na kusema kweli gari linatembea: nati sasa ndiyo inayobana. Kwa kutoka porini hadi mjini sina ugomvi nalo, hasa ukipata nati yenye plastiki ndani isiyojifungua kwa mtikisiko. Kwa matumizi ya kila siku, hapana, badilisha kibao. Ni kipande cha bei ndogo, hakina ufundi wowote ndani yake, na vipya vinatengenezwa hadi leo. Fundi kerezo mmoja mzee, ambaye huwa namwamkia kabla hata ya kumwonyesha kazi, alinipokea na kibao changu mkononi, akakigeuza mara mbili, akasema: "Mwanangu, hiki nikikuchongea nitakuuzia muda wangu. Nenda kanunue." Nilikwenda kununua.

Ya tatu ni ile boliti iliyoganda ndani ya bomba la bushi, ambapo kila jaribio la kuifungua linaumiza hesi zaidi. Utaitambua kwa mkono: unazungusha spana, boliti inakwenda robo mzunguko, ukiachia inarudi yenyewe. Mpira ndio unaoirudisha. Kuendelea kuvuta hapo ni kupoteza nguvu. Kama bushi itabadilishwa, kata boliti kwa grainda au jani la msumeno kati ya kibao na bushi, pande zote mbili, toa kibao kikiwa na kipande chake cha boliti, ukakifungulie mezani kwenye vaisi na mafuta ya kupenyeza. Moto wa gesi unasaidia, lakini mpira utaungua na moshi wake ni mchafu. Fanya nje, na mbali na tangi la mafuta, ambalo kwenye gari hizi haliko mbali kama unavyofikiri.

Tofauti kabisa ni tundu lililochongwa ndani ya kitu kikubwa ambacho huwezi kukinunua Jumamosi asubuhi. Mfano ni nyumba ya kingipini kule mbele, ile inayolishika gurudumu kwenye ekseli na kuliruhusu kukata kona. Boliti za pini ya juu zinaingia kwenye chuma cha kusubu. Tundu moja likiliwa pale, kutupa nyumba nzima ni hasara, na hapa ndipo naikubali Helicoil bila kusitasita.

Helicoil ni springi ndogo ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Waya wenyewe ukikatwa una umbo la almasi, kwa hiyo upande wa nje unakuwa hesi ya kukaa kwenye tundu na upande wa ndani hesi ya kupokea boliti yako ileile ya asili. Unatoboa tundu liwe kubwa kidogo, unapiga tapu maalumu inayokuja na kifurushi, unaizungusha ile springi ndani hadi iwe imezama robo au nusu mzunguko chini ya uso, halafu unavunja kikia chake kwa kugonga kwa fimbo nyembamba. Usiache kile kikia ndani ya tundu lisilotoboka. Tapu ya kawaida haifai kwa kazi hii, hata kama kipimo chake kinaonekana kukaribia, maana hatua lazima iwe ya UNF na unene wake ni wa pekee. Nimeona mtu akitumia Helicoil ya milimita kwenye Land Rover "ili boliti zipatikane kirahisi". Inawezekana, ila atakayeifungua gari hiyo baada ya miaka kumi ataapa kwa lugha zote anazozijua.

Ugumu wa kazi hiyo ni kutoboa wima. Keekee ya mkononi ikiinama kidogo tu, boliti nayo itainama, na kichwa chake kitakaa kwa upande mmoja. Nilichofanya ni kumwomba yule fundi kerezo anitengenezee kiongozi: kipande cha chuma cha mviringo chenye tundu la kipimo kilekile cha keekee, kilichochomelewa kwenye bati nene linalofungwa kwa boliti za matundu jirani. Keekee haina pa kukimbilia. Chuma cha kusubu kinatobolewa kikavu, vumbi lake ni jeusi na linaruka, kwa hiyo ziba kila mahali kwa matambara yenye grisi. Vumbi hilo likiingia kwenye beringi umefungua kazi nyingine. Na usiache kupima kina. Boliti ya chuma ndani ya chuma cha kusubu inataka kushika kwa urefu wa karibu mara moja na nusu ya unene wake. Zaidi ya hapo hakuna faida kubwa, maana hesi ya kwanza peke yake hubeba kama theluthi ya mzigo, na zile za chini kabisa zipo kwa heshima tu.

Kuna dawa za mtaani ambazo sizikubali chini ya gari. Uzi wa waya wa shaba uliowekwa kwenye tundu ili boliti ikaze: mzuri kwa bawaba ya mlango. Gundi ya chuma ya mirija miwili: nzuri kwa mfuniko usiobeba kitu. Kuchomelea nati nyuma ya kibao cha sheko: nimeiona, imefanya kazi, na aliyeichomelea aliniambia kwa uaminifu kwamba alifanya hivyo kwa sababu ilikuwa usiku na wako mbali na mji. Sina neno. Ila mkono wa usukani, pale unapofungwa kwenye nyumba ya kingipini, hauchomelewi na hauwekewi ubunifu wa aina yoyote. Hesi zikifa kwenye mkono wenyewe, ununuliwe mwingine.

Wakati wa kufunga, paka grisi kidogo kwenye shina la boliti, sehemu inayolala ndani ya bomba la bushi, ili miaka ijayo isigande. Grisi ya shaba ndiyo bora, na watu wa Tanga na Mombasa wanaoishi na chumvi ya bahari wasiifikirie kuwa anasa. Isiguse mpira. Kumbuka pia kwamba hesi yenye grisi inateleza, kwa hiyo kipimo cha kukaza kilichoandikwa kwa hesi kavu kitakuwa kikubwa kupita kiasi; punguza.

Yu-boliti nazo, zile zinazoishika ekseli kwenye springi, zina kifo chao cha pekee. Haziliwi, zinavutika. Zikifunguliwa, zungusha nati kwa vidole kutoka mwishoni: ikikimbia vizuri halafu ikakwama pale ilipokuwa imekaa miaka yote, chuma kimerefuka na hesi zimeachana. Hazirudishwi. Wapo wanaozipinda mpya mtaani kutoka kwenye nondo laini na kuzikata hesi kwa dai, chombo cha kukatia hesi juu ya nondo, na dai iliyopo karibu kila mara ni ya milimita, basi nati zake nazo zinakuwa za milimita, na duara lote linaanza upya. Mimi nilinunua seti kamili pamoja na nati zake, nikapiga mstari wa rangi ya kucha kuanzia kwenye nati hadi kwenye bati la chini. Baada ya kwenda na kurudi Karatu, mistari miwili ya upande wa kushoto ilikuwa imeachana kidogo. Nilikaza, nikafuta, nikapaka mingine.